JIWE LA KIJANI: NI KITO AU NI CHUPA?

Katika kaunti yetu hii ya Taita Taveta si ajabu kumkuta mtu mzima na akili zake akitembea polepole huku macho kayatupa chini kama aliyeangusha sindano. Mgeni atadhani bwana huyo ana majonzi. Sisi wenyeji twajua hana majonzi yoyote, anatafuta jiwe. Mvua kubwa ikishanyesha na kuosha udongo, hata watoto wa shule ya msingi hupita kandokando ya makorongo wakiokota kila kinachometameta. Wengi wetu tuna mkebe nyumbani, uwe wa majani ya chai au wa maziwa ya unga, uliojaa vijiwe ambavyo hakuna ajuaye ni vya nini.

Basi wasomaji wapenzi, makala yangu yanahusu mkebe huo.

Kila jiwe lililomo ndani yake lina maswali mawili. La kwanza: hili ni nini? La pili: hili ni pesa ngapi? Aghalabu watu hulirukia la pili kabla hawajajibu la kwanza. Wanalipeleka jiwe kwa broka, broka analigeuzageuza kwenye mwanga wa tochi, anaguna, kisha anasema, "Hii ni chupa tu, mama, lakini nikupe ya soda." Tazama hapo: anayejibu maswali yote mawili ni yule yule anayetaka kununua. Huko si ni kumwachia fisi bucha? Sisemi mabroka wote ni walaghai, la hasha. Wapo wanaojua kazi yao na wanaolipa vizuri. Lakini usilolijua ni usiku wa giza, na gizani huwezi kumtambua mwema na mbaya.

Habari njema ni kwamba swali la kwanza laweza kujibiwa, tena na mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwa vyombo vilivyomo katika maabara ya shule za kutwa kama yetu. Swali la pili ni gumu zaidi, nami nitalifikia. Nimechagua mfano wa jiwe moja, yaani tsavoraiti, kwa sababu ndilo jiwe lililoitangaza kaunti yetu duniani na pia ndilo linalofananishwa sana na vipande vya chupa.

Tsavoraiti si jina la kale. Mwanajiolojia mmoja mzaliwa wa Uskoti, Campbell Bridges, ndiye aliyekigundua kito hicho mwaka 1967 huko kaskazini mashariki mwa Tanzania. Hakufanikiwa kukichimba huko, lakini aliufuata mwamba huo huo ukivuka mpaka, na mwaka 1970 akakipata upande wetu, karibu na mbuga ya Tsavo. Alikaa katika nyumba iliyojengwa juu ya mti kwa sababu ya wanyama wakali. Mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany ya Marekani ikaanza kukitangaza, na jina likatolewa kwa Tsavo yetu. Kwa hiyo kuna jina la kwetu pale New York, ndani ya makabati ya vioo. Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009, alipovamiwa na kundi la watu karibu na migodi yake. Watu wamefia mawe haya, ndiyo maana nasema si mchezo wa watoto.

Kwa asili, tsavoraiti ni aina ya ganeti. Wengi wakisikia ganeti hufikiria jiwe jekundu la rangi ya damu, lakini ganeti ni ukoo mzima wenye rangi nyingi. Hii ya kwetu imeundwa kwa kalisiamu, aluminiamu na silika. Ikiwa safi kabisa haina rangi. Ukijani wake hutokana na chembe kidogo sana za vanadiamu au kromiamu. Na hizo zilitoka wapi? Zamani za kale, miaka milioni 600 hivi iliyopita, sehemu hii yetu ilibanwa baina ya mabara makuu yaliyokuwa yakigongana. Tope jeusi la chini ya bahari, lenye mabaki ya viumbe wadogo na vanadiamu ndani yake, likafukiwa, likapikwa kwa joto na kukandamizwa. Mabaki ya viumbe yakawa grafaiti, ile ile nyeusi iliyomo katika penseli zetu. Vanadiamu ikaingia ndani ya ganeti. Ndiyo sababu mchimbaji mzoefu hafuati kijani, anafuata weusi. Akiona mwamba unaopaka vidole kama penseli, hapo huchimba. Mara nyingi kito chenyewe hukaa ndani ya donge mfano wa kiazi, na kiazi hicho kikipasuliwa huwa kimejaa nyufa. Vipande visivyo na ufa ni vichache tena vidogo. Hapo ndipo uhaba wake unapoanzia.

Haya, sasa tulipime jiwe. Kabla ya kueleza njia za kweli, acha niondoe za uongo, maana zimewatia watu hasara. Ya kwanza ni nyundo. Kuna wanaoamini kwamba kito cha kweli hakivunjiki, kwa hiyo wanakiweka juu ya jiwe na kukitwanga. Kikipasuka wanasema, "Kumbe kilikuwa chupa!" Jamani! Hata almasi hupasuka kwa nyundo. Ugumu ambao wataalamu huutaja ni ugumu wa kukwaruzwa, si wa kupigwa. Ya pili ni moto. Wengine hukichoma kwa kiberiti cha gesi ati wakione kama kitayeyuka. Joto la ghafla laweza kupasua kito kizuri na kukishusha bei mara kumi, na baada ya hapo hujajua lolote. Ya tatu ni kugusisha jiwe mdomoni ili kuhisi ubaridi. Hiyo ina ukweli kidogo, kwa kuwa vito huondoa joto haraka kuliko kioo, lakini mdomo si kipimajoto.

Njia ya kweli iliyo rahisi kuliko zote ni macho yenye msaada. Tafuta lenzi ya kukuza mara kumi, au hata ile lenzi tunayotumia katika Biolojia kuangalia maua. Osha jiwe, likauke, kisha liangalie mbele ya mwanga wa dirisha. Kipande cha chupa mara nyingi huwa na vipovu vya hewa vya mviringo, kama vya soda, na vipovu vya namna hiyo havimo ndani ya kito kilichopikwa na ardhi. Tsavoraiti huwa na nyufa, vijinywele, na mara nyingine vipande vyeusi vya grafaiti. Kwa hiyo uchafu wa jiwe wakati mwingine ndio cheti chake cha kuzaliwa. Halafu lizungushe. Turmalini ya kijani, ambayo pia hupatikana kwetu, ukiitazama upande mmoja huonyesha kijani fulani na upande mwingine kijani kingine, labda cha giza zaidi. Ganeti haina tabia hiyo. Ni kijani kile kile kila upande, kama mtu asiye na sura mbili.

Njia ya pili ni kukwaruza. Mjerumani Friedrich Mohs alitupa mwaka 1812 ngazi ya ugumu yenye vidato kumi, talki ikiwa ya kwanza na almasi ya kumi. Ukucha wetu ni kama mbili na nusu, kioo cha dirisha tano na nusu, kwazi ni saba, na tsavoraiti ni kati ya saba na saba na nusu. Maana yake tsavoraiti itakikwaruza kioo, ilhali kipande cha chupa hakitafanya kazi hiyo vizuri. Lakini usifurahi mapema. Kwazi nayo hukwaruza kioo, na kwazi imejaa kila mahali, hata kwenye changarawe za barabara. Basi jaribio hili hukuambia jiwe si nini, halikuambii jiwe ni nini. Tena jiwe ndilo likwaruze kioo, wala si tupa likwaruze jiwe, na utumie pembe isiyo na maana. Nimeona watu wakiharibu uso mzuri wa jiwe kwa tupa ya seremala.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu haibembelezwi na macho. Ni ile ya densiti, yaani uzito wa jiwe ukilinganishwa na uzito wa maji yanayojaza nafasi sawa na ya jiwe hilo. Tulijifunza kidato cha kwanza, tukaifanyia mtihani, tukaisahau. Kumbe ina kazi mtaani! Vipande viwili vyaweza kufanana rangi kama mapacha, lakini kimoja kikawa kizito kwa umbo lake. Kioo cha chupa ni kama 2.5. Zumaridi ni kama 2.7. Turmalini ni kama 3.1. Tsavoraiti ni kama 3.6. Hizi si namba za kukisia. Kila madini ina yake, kwa sababu chembe zake zimepangwa kwa mpango wake.

Nitawaeleza tulivyofanya. Kuna mama mmoja jirani yetu anayewapikia wachimbaji chakula kibandani. Wachimbaji hula kwa deni, na wakati mwingine deni hulipwa kwa jiwe badala ya pesa. Muhula uliopita alipewa jiwe la kijani kibichi, lenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, na mwenyekiti wa kikundi kimoja cha wachimbaji wadogo wenye kibali. Broka aliyelitazama alisema ni chupa, akatoa shilingi 500. Mama yule alikuwa na kijana aliyeitwa shule ya bweni na karo ilikuwa haijatimia hata nusu. Akaniita.

"Mwanangu, wewe si wasoma mambo ya sayansi? Hii ni chupa kweli?"

"Shikamoo mama. Sijui, lakini maabara yetu yaweza kujua."

Mwalimu wetu wa Fizikia alikubali tutumie mizani baada ya masomo, naye akasimama kando kuangalia. Kwanza tulilipima jiwe likiwa kavu: gramu 9.4. Kisha tukaweka bika yenye maji juu ya mizani, ikasoma gramu 152.3. Tukalifunga jiwe kwa uzi mwembamba wa kushonea na kulining'iniza ndani ya maji, likiwa limezama lote bila kugusa chini wala ubavu wa bika. Mizani ikapanda hadi gramu 154.9. Tofauti ni 2.6. Hiyo ndiyo gramu ya maji yaliyosukumwa na jiwe, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, ni sawa na kusema jiwe lina ujazo wa sentimita 2.6. Gawanya 9.4 kwa 2.6, wapata 3.6.

Mwenzangu mmoja, mbishi kwelikweli, akauliza: je, mizani yetu ikikosea? Swali zuri. Mizani ya shule husoma desimali moja tu. Tuseme tofauti ilikuwa 2.5 au 2.7 badala ya 2.6. Densiti ingekuwa kati ya 3.5 na 3.8. Lakini jiwe lile lingekuwa kioo, tofauti ingekuwa karibu 3.8. Lingekuwa zumaridi, 3.5. Lingekuwa turmalini, kama 3.0. Kosa dogo la mizani haliwezi kufika huko. Basi chupa haikuwa, hata kwa kisirani. Tulirudia mara tatu, tukapaka tone la sabuni majini ili vipovu visiling'ang'anie jiwe, maana kipovu kimoja hulibeba jiwe kama boya na kuharibu hesabu. Jibu likabaki lile lile. Tukaongeza ya lenzi: hakuna vipovu, kuna nyufa na vipande vyeusi, na rangi ni moja kila upande. Tukaongeza ya kioo: lilikikwaruza. Shahidi mmoja aweza kusema uongo, lakini mashahidi watatu waliosimama mbalimbali wakisema neno moja, hakimu huandika.

Nieleze pia mpaka wa njia hii. Jiwe dogo la gramu moja husukuma maji ya gramu 0.3 tu, na hapo kosa la 0.1 ni kubwa mno. Kioo na kito vitaonekana sawa. Kwa mawe madogo yahitajika mizani ya desimali mbili au tatu. Vilevile jiwe likiwa limeshikamana na mwamba mwingine, unapima mchanganyiko, si kito. Na mwisho, mtaalamu mwenye chombo cha kupima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe ndiye atakayetoa neno la mwisho. Sisi hatukutoa cheti. Tulichompa mama yule ni kusema bila woga kwamba aliyeliita chupa amekosea, au amefanya kusudi.

Sasa tuje kwenye swali la pili, pesa ngapi. Hapa hakuna fomula ubaoni. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, wahenga hawakuwa wameuza tsavoraiti ghafi. Jiwe chafu la thamani na jiwe chafu lisilo thamani hufanana mno, na chema hakijiuzi hata kidogo. Huuzwa na anayejua kusema ni kwa nini ni chema.

Jambo la kwanza ni rangi. Kijani kinachotafutwa ni kile kilichokolea lakini bado kinapitisha mwanga. Kikipauka sana bei hushuka, na kikiwa cheusi kama mchicha uliopikwa kupita kiasi hushuka pia. La pili ni usafi, yaani uchache wa nyufa na madoa. La tatu ni ukubwa, nalo watu wengi hawalielewi. Vito hupimwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2, hivyo gramu moja ni karati tano. (Msichanganye na karati ya dhahabu, ambayo hupima usafi wala si uzito.) Bei ya vito haipandi kama bei ya sukari, kwamba kilo mbili ni mara mbili ya kilo moja. Tsavoraiti iliyokatwa yenye zaidi ya karati tatu tayari ni adimu, kwa hiyo kila karati ya jiwe kubwa ni ghali kuliko kila karati ya jiwe dogo. Ukilivunja jiwe safi la karati sita kuwa vipande sita, huna tena mali ile ile. Umeipunguza kwa mkono wako.

La nne ni kile kitakachobaki. Mnunuzi wa jiwe ghafi hanunui jiwe lote. Ananunua kito anachokiona ndani yake. Kuna tsavoraiti mashuhuri iitwayo Simba wa Mererani, iliyotoka Tanzania, ambayo mwaka 2023 iliwekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington. Ina karati 116.76. Ghafi yake ilikuwa karati 283.74. Piga hesabu: zaidi ya nusu ilikuwa vumbi, na hiyo ilikatwa na fundi wa kusifika duniani. Ikiwa jiwe bora namna ile hupoteza zaidi ya nusu, sembuse letu lenye nyufa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwenyekiti wa kikundi alimchukua mama yule hadi Voi kwa wafanyabiashara wenye leseni. Jiwe la gramu 9.4, yaani karati 47, lilipogongwa kwa ustadi na kuondolewa sehemu mbovu, lilibaki na vipande vitatu safi vyenye jumla ya gramu 1.3. Mfanyabiashara wa kwanza akasema shilingi 6,500. Wa pili, siku hiyo hiyo, mtaa huo huo, akasema 11,000. Wote wawili walikuwa wanaangalia vipande vile vile! Wa kwanza hakuwa mwongo. Huenda alikuwa na vijani vingi vya namna hiyo dukani, na wa pili alikuwa na mteja anayevingoja. Hiyo ndiyo tofauti kati ya maswali yetu mawili. "Ni nini" ina jibu moja, awe anayeuliza ni maskini au tajiri. "Ni pesa ngapi" ina majibu mengi kadiri ya wanunuzi, ndiyo maana asiyeuliza kwa zaidi ya mmoja amejipunja. Mama yule alichukua zile 11,000 na risiti. Hazikutosha karo, nisiwadanganye, lakini kijana aliripoti shuleni na godoro lake, na nusu ya pili ikalipwa baadaye.

Wengi hupenda kutaja habari za Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mererani aliyeuza mawe mawili ya tanzanaiti kwa serikali ya Tanzania mwezi wa Juni 2020, yenye zaidi ya kilo 14 kwa jumla, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7 za Tanzania. Vichwa vya habari vilisema "tajiri wa usiku mmoja". Mimi nawaomba mtazame kilichofuata. Mwezi wa Agosti mwaka uo huo aliuza jiwe la tatu, la kilo 6.3, kwa bilioni 4.7. Ukigawanya, kila kilo ya jiwe hili la tatu ilipata bei kubwa kuliko kila kilo ya yale ya kwanza. Kilo si kilo, basi. Vilevile aliuza sokoni mbele ya maafisa wa serikali, ambako jiwe lilipimwa na kuandikwa. Mara ngapi jiwe zuri la kwetu limeuzwa chini ya mwembe, kwa noti zilizokunjwa?

Kuna namna moja zaidi ya kulithamini jiwe, nayo huku kwetu haijazoeleka. Ng'ambo wako watu na majumba ya makumbusho wanaokusanya mawe kama yalivyotoka ardhini, bila kukatwa. Wao hutaka umbo la asili, yaani kito kilicho na nyuso zake laini, kikiwa bado kimekaa juu ya mwamba wake mama. Tsavoraiti yenye umbo zima ni nadra kwa sababu nyingi hupatikana zikiwa zimepasukapasuka ndani ya vile viazi. Ikitokea moja ikiwa nzima, yaweza kuwa na thamani kubwa zaidi hivyo ilivyo kuliko ikikatwa kuwa pete. Lakini mchimbaji wetu akiiona huwa amekwisha kunyanyua nyundo ili atoe "nyama" atupe "mfupa". Mkusanyaji hulipia nyama na mfupa vikiwa pamoja. Tena atauliza ilitoka mgodi gani. Jiwe lisilo na maandishi ya lilikotoka hupoteza sehemu ya thamani yake, kama mwanafunzi aliyehama bila barua. Mali bila daftari huisha bila habari, basi kata kijikaratasi, andika mahali, tarehe na uzito, ukitie pamoja na jiwe ndani ya mfuko wake. Ni kazi ya dakika mbili.

Na sheria je? Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 zasema madini yaliyo ardhini ni mali ya umma, yakishikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Kuwa na hati ya shamba si kuwa na hati ya kilicho chini ya shamba. Mchimbaji mdogo huhitaji kibali, na anayenunua ili kuuza huhitaji leseni. Sheria hiyo imegawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Hapa ndipo lile swali la kwanza linapowahusu hata wasio na mkebe nyumbani. Jiwe lililoandikwa kuwa tsavoraiti hulipiwa mrabaha. Jiwe lililonunuliwa kama chupa halilipiwi chochote, kwa maana chupa haina mrabaha. Huondoka ndani ya mfuko wa suruali, na huko liendako kukatwa, Jaipur ama Bangkok, hugeuka kito tena.

Mwalimu wa Fizikia ameturuhusu kuendelea kupima kila Ijumaa baada ya saa tisa na nusu, vyombo vya kidato cha nne vikishaoshwa. Anayetaka alete jiwe lililooshwa na kukaushwa, pamoja na kikaratasi chake, na ruhusa ya mwenye jiwe ikiwa si lake. Hatutaji bei. Lililo dogo kuliko punje ya mahindi tutaliangalia kwa lenzi tu, hadi mizani ya desimali mbili itakapopatikana.